Pidgin dukani kwetu Kisumu: kila meza na dirisha lake

Duka letu la vifaa vya ujenzi liko karibu na soko la Kibuye. Mbele kuna kaunta, katikati ofisi yangu, stoo iko nyuma uani. Zamani tulikuwa tukiitana kwa sauti, au kijana anatumwa mbio kuuliza kama mabati ya geji 30 yamebaki. Nikaweka Pidgin, programu ya kutumiana ujumbe, kwenye kompyuta zote, na seva ya Openfire, inayoupokea na kuupeleka ujumbe huo, kwenye mashine moja kuukuu. Zote mbili ni za bure, na ujumbe hupita kwenye waya zetu wenyewe hata intaneti ikipotea.

Nilipokosea ni kumpa kila mtu mpangilio mmoja: ujumbe mpya unafungua dirisha, mazungumzo yote yanapangwa humo kama vichupo (tabs). Tena nikawasha programu-jalizi (plugin) ya arifa inayoleta dirisha mbele. Mimi nilipenda, kwa sababu kazi yangu ni kujibu watu. Siku moja keshia alikuwa akiandika namba ya simu ya mteja, dirisha likaruka mbele, tarakimu zote zikaja kwangu. "Bosi, hiyo namba iko kwako," akaniambia, mteja amesimama palepale.

Stoo hali ilikuwa mbaya zaidi. Mzee wetu alijibu "ipo" kwenye kichupo cha kaunta, kumbe swali la misumari ya inchi 4 nililiuliza mimi. Kaunta, waliokuwa wameulizia simiti, wakauza simiti ambayo haikuwepo. Mzee hana kosa hata kidogo. Vichupo vinamfaa mtu anayevitazama siku nzima, si mtu anayeingia na kutoka akibeba mizigo.

Sasa kaunta nimechagua mazungumzo mapya yafichwe daima. Alama iliyo karibu na saa hubadilika, mlio husikika, naye keshia hufungua akimaliza na mteja. Mzee nimemzimia vichupo, kila mtu anayemwandikia ana dirisha lake. Mimi nimebaki na vichupo, ila mazungumzo ya kundi yana dirisha lake mbali na ya mtu mmoja mmoja.

Kama kompyuta moja inatumiwa na watu wawili kwa zamu, mpe kila mmoja akaunti yake ya Windows, maana Pidgin huhifadhi mipangilio kwenye folda ya .purple ya kila mtumiaji. Akija mfanyakazi mpya, namnakilia faili la prefs.xml, lenye mipangilio ya meza yake, kabla hajaifungua programu. Faili la accounts.xml, lenye akaunti za mtu, usiliguse: nywila ukiihifadhi, hukaa humo wazi, yeyote anaisoma. Natamani programu ingemuuliza mtu kazi yake siku ya kwanza, ijipange yenyewe.

Juzi keshia wa jioni aliomba arudishiwe dirisha linalojifungua, kwa kuwa kuanzia saa kumi na moja wateja ni wachache na yeye ndiye anayepanga na stoo mizigo ya kesho. Nimemrudishia.