Majani ya chai ya bei ya kutupa: nimejaribu, sirudii

Mi nauza chai na chapati hapa Mbeya, asubuhi natoa chupa nne za lita tatu, kwa hiyo nikisema majani ni mabaya jamani mjue sijaonja kikombe kimoja nikakimbilia kuandika. Jina la pakti sitaji. Duka la jumla walishusha mia saba kila robo kilo, nikabeba sita.

Siku ya kwanza tu mzee mmoja, mteja wangu wa kila siku, kapiga funda moja akaniuliza, "Binti yangu, leo umechemsha nyasi?" Niliona aibu. Chai ya rangi ilikuwa nyeusi tii ila mdomoni hamna kitu, nikaongeza kijiko, weusi ukazidi, ladha ileile. Sasa tia maziwa uone! Chai nzuri ikikutana na maziwa inatoa wekundu fulani unaong'aa, hii ikawa kijivu kama maji ya saruji.

Jioni nikamwaga kijiko kwenye karatasi nyeupe. Nyuzinyuzi za kahawia kibao, vile ni vijiti, yani wamechuma mpaka majani yaliyokomaa wakati chai ya maana wanachuma majani mawili na chipukizi lake basi. Kijiko kingine nikatia kwenye glasi ya maji baridi, rangi ikashuka palepale kama wino, na majani mazuri kwenye maji baridi huwa hayana haraka hivyo.

Ila msiseme ni kwa sababu yamesagika sana, maana kuna watu wakiona majani laini wanadai ni vumbi la kufagiwa kiwandani. Hapana. Majani laini hivyo yana gredi yake kabisa, Dust 1, inauzwa mnadani Mombasa pamoja na gredi nyingine kama PF1 na BP1, punje zikiwa ndogo chai inakolea haraka, ndo maana sisi wa biashara tunaipenda. Shida ni jani lilikuwaje kabla ya kusagwa, na limetunzwaje. Hii hata nilipofungua haikunukia, kimfuko chepesi cha nailoni, ukiyasugua majani vidoleni yamelegea, yashavuta unyevu.

Na Tukuyu ya Rungwe ipo hapo tu jamani, unapanda Coaster unaona mashamba ya chai mpaka kando ya lami! Nimerudi kwa majani yangu ya Rungwe, vijiko viwili vya chakula chupa nzima, mzee kaomba kikombe cha pili.

Nyota moja, ya mzani, maana nilipima robo ikawa robo kweli. Zilizobaki namwagia kwenye matembele nyuma ya nyumba, yenyewe mpaka leo hayajalalamika.