Uzoefu wangu: siku tatu kwa mafundi wa Tamasha la Utamaduni la Lamu

Nilihudhuria Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Novemba, nikiwa na mwanangu wa miaka 12, kwa nia moja tu: aone kwa macho yake kazi za mikono alizokuwa akizifanya marehemu babu yake, nami sikuwahi kujifunza. Wengi huenda Lamu siku hizo kwa ajili ya mbio za punda na mashindano ya majahazi, na siwalaumu, kwani ni mambo ya kupendeza. Hata hivyo, kwa maoni yangu, utamu wa tamasha hili uko kwa mafundi, na mgeni anayewapita mbiombio atakuwa amelipa nauli ya basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, na ya boti ya kuvukia, akarudi bila ya kuona kilicho bora.

Mafundi wengi tuliwakuta Ngomeni na katika uwanja wa Mkunguni ulio mbele yake. Ngome hiyo ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na ilitumika kama gereza hadi mwaka 1984. Kuwaona akina mama wakisuka ukili, yaani ukanda wa kushonea mikeka, kivulini, mahali palipokuwa pa wafungwa, kulinigusa sana.

Aliyetushika zaidi ni mzee mmoja aliyekuwa akisokota kamba. Mbele yake palikuwa na fungu la makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye mchanga wa pwani kwa miezi kadhaa hadi yakalainika, naye alikuwa akiyaponda kwa rungu, akiyakung'uta, kisha akichambua usumba, yaani nyuzi za makumbi, uzi kwa uzi. "Ndoo, keti," alimwambia mwanangu kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, na mtoto, aliyezoea Kiswahili cha Mombasa, akatazama huku na huku akitafuta ndoo ya maji mpaka nilipomweleza kwamba anaitwa. Kamba yake ya kwanza ilikatika mara tatu. Mzee hakumnyang'anya, alimwonyesha kulowesha kiganja, kuongeza usumba kidogo kidogo kabla uzi wa mwanzo haujaisha, na kusokota juu ya paja kwa mwendo mmoja usiokatizwa. Baada ya saa nzima tulikuwa na kamba ya urefu wa pima moja hivi (upana wa mikono miwili iliyonyooshwa), yenye vinundu lakini imara, na ndipo mzee akatueleza kwamba kamba ya namna hiyo ndiyo iliyoshonea mitepe, vyombo vya kale vya visiwa hivi ambavyo mbao zake hazikupigwa msumari hata mmoja. Nilikuwa nimeona mfano wa mtepe katika makumbusho ya Lamu asubuhi ya siku hiyo, lakini sikuuelewa mpaka niliposhika kamba.

Washona kofia, ambao huko ni wanaume, hawana haraka na hawapendi kuharakishwa: kofia moja nzuri, yenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa mkono, humaliza miezi. Wasuka makuti na wafua nazi niliwatazama kwa muda mfupi tu. Kwa akina mama wa mikeka nilinunua msala, yaani mkeka wa kuswalia, wa miyaa kwa bei ya haki, na sikuona sababu ya kuwabana.

Siku ya pili tulikwenda Matondoni, kijiji cha wajenzi wa vyombo upande wa pili wa kisiwa, na hapo ndipo ninapomshauri kila mgeni atenge nusu siku. Jahazi lililokuwa juu ya magogo lilikuwa likikalafatiwa: fundi alikuwa akisokota pamba iliyoloweshwa mafuta, akiipenyeza baina ya mbao kwa patasi butu na kuigonga kwa nyundo ya mti, na sauti ilipobadilika na kuwa nzito alijua nafasi imejaa, akasogea mbele. Mwenziwe alitoboa mbao kwa keekee inayozungushwa kwa uta. Hapakuwa na mchoro wowote wa chombo kile. Vipimo vyote vilikuwa machoni na mikononi mwao.

Sikuridhika na mambo mawili. Mfanyabiashara mmoja alisimamisha spika kubwa hatua chache kutoka kwa mafundi, na kwa alasiri nzima hatukuweza kusikia maelezo ya mtu yeyote. Wazee hawa hawana sauti ya kushindana na spika, na kazi yao haielezeki kwa ishara. La pili, nyumba ya wageni tuliyoagiza mapema ilitupandishia bei tulipofika mlangoni, kwa hiyo hakikisheni bei imeandikwa kabla ya kusafiri. Nendeni kwa mafundi asubuhi, kwani mbio za punda zinapoanza watu wote hukimbilia ufukoni, na baadhi ya mafundi nao hufunga kazi wakawatazame vijana wao. Chukueni fedha taslimu. Kwa safari ya Matondoni, muulizeni nahodha habari za maji kupwa na kujaa kabla ya kukubaliana saa, la sivyo mtashuka mbali na kutembea katika tope.

Sisi tutarudi, Mungu akipenda, kwa kuwa fundi wa keekee amemwahidi mwanangu kwamba safari ijayo uta atashika yeye.