Sakafu mbili zenye Kigiriki: Megiddo na Madaba

Maandishi ya Kigiriki yaliyotungwa kwa vijiwe vya rangi yamo katika makanisa mengi ya kale, ila mimi hurudi kwenye sakafu hizi mbili.

Ya Madaba, Yordani, ni ya karne ya 6, na ndiyo yenye sifa kubwa zaidi. Ni ramani ya Nchi Takatifu, yenye majina ya mahali zaidi ya 150. Yerusalemu imeandikwa "mji mtakatifu". Katika mto Yordani, samaki mmoja anageuka nyuma akiikimbia Bahari ya Chumvi. Hapo maandishi kazi yake ni kumwonyesha msomaji njia.

Ya Megiddo, Israeli, iliyofukuliwa mwaka 2005 ndani ya eneo la gereza, ni ndogo, na wataalamu wengi huiweka karne ya 3, kabla Ukristo haujaruhusiwa na dola ya Kirumi. Haitaji miji, inataja watu. Gaianus, akida wa jeshi la Kirumi, anaitwa "ndugu yetu": ndiye aliyelipia sakafu kwa mali yake. Brutius ndiye fundi. Mwanamke aitwaye Akeptous alitoa meza "kwa Mungu Yesu Kristo, iwe ukumbusho". Kisha wanawake wanne, Primilla, Kyriake, Dorothea na Chreste, wanaombewa wakumbukwe.

Kwa uzuri, Madaba haina mpinzani. Lakini mimi naichagua Megiddo, kwa sababu ya wale wanawake wanne.