TAHADHARI: Springi "orijino" za Honda Dax na Monkey zinazoletwa Kigoma ni za bodaboda zilizokatwa

Wakuu wa Kigoma, Ujiji na Kasulu, na yeyote mwenye pikipiki ndogo ya zamani ya Honda, iwe Dax au Monkey: kuna muuzaji anajitangaza Facebook na WhatsApp kwamba anazo springi za shokapu "mpya kabisa, orijino, kutoka Japani". Msimtumie hela. Anachotuma ni springi za bodaboda zilizokatwa kwa grainda na kupulizwa rangi ya fedha. Ukilalamika anakublok.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Mwanga, na mzigo huo umefunguliwa juu ya meza yangu. Mwenye mzigo ni mzee mstaafu wa reli, ninamheshimu kama baba, na Dax yake ya miaka ya sabini ameitunza kwa mapenzi makubwa. Shokapu za nyuma zilikuwa zimechoka, ukikaa tu springi zinalala. Akaliona tangazo, akaulizia, akaambiwa jozi ni Sh 180,000, "tuma na ya kutolea, mzee wangu". Akatuma. Baadaye akapigiwa simu kwamba mzigo umezuiwa bandarini, unadaiwa ushuru wa Sh 45,000. Akatuma tena. Ndipo kifurushi kikaja kwa basi hadi stendi ya Masanga.

Hapo kwenye ushuru naomba tusimame kidogo. Tangazo lilisema mzigo uko dukani Kariakoo, tayari kutumwa. Kitu kilichoko dukani kimeshapita bandarini zamani, mwenye duka ndiye aliyekilipia ushuru. Ukisikia muuzaji anadai hela ya pili baada ya ile mliyokubaliana, iwe ya ushuru, ya stoo au ya "kufungua namba ya mzigo", simamisha kila kitu hapo hapo.

Sasa springi zenyewe. Ncha moja imesagwa bapa vizuri, kama kiwanda kinavyofanya ili springi ikae wima kwenye kikombe chake. Ncha ya pili imekatwa tu: ina makali, na nilipokwangua rangi nikakuta chuma kimebadilika kuwa cha bluu. Bluu ile ni alama ya moto wa diski ya grainda, na chuma cha springi kikiungua kinapoteza ugumu wake. Niliposimamisha zote mbili mezani zikainama, kila moja upande wake. Waya wake nao ni mnene kuliko wa springi za zamani za mzee kwa milimita moja nzima.

Wapo watakaosema milimita moja ni nini, si ndiyo itakuwa imara zaidi? Hapana. Ugumu wa springi unapanda kwa unene wa waya uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Chukua springi mbili zinazofanana kila kitu, moja ya waya wa milimita 6 na nyingine ya 7: ya pili ni ngumu karibu mara mbili. Halafu amekata mizunguko. Springi yenye mizunguko 12 inayofanya kazi ukiikata ikabaki 8, haiwi fupi tu, inakuwa ngumu mara moja na nusu ya ilivyokuwa. Springi ya bodaboda imetengenezwa kubeba dereva, abiria na gunia la mkaa. Ukiikata na kuifunga kwenye kipikipiki cha 72cc chenye magurudumu ya inchi 10, hailali kabisa. Kila shimo linapanda moja kwa moja kwenye fremu, na fremu ya Dax ni bati lililokandamizwa, si bomba. Zaidi ya hapo, ncha isiyosagwa inasukuma upande mmoja, fimbo ya shokapu inapinda, seal inakatika, oili inamwagika. Nani anataka shokapu igande akiwa anateremka mlima kuelekea ziwani?

Kuna hila nyingine ya picha. Zile anazotuma ni nzuri, springi ziko ndani ya pakiti safi, lakini baadhi ni za Dax mpya ya 125 ambayo Honda waliitoa mwaka 2022. Ile ina magurudumu ya inchi 12 na ni pikipiki tofauti kabisa na ya mzee, ambayo ukoo wake ulianza 1969. Monkey ni vivyo hivyo: ya 125 ilitoka 2018, na shokapu zake si za Monkey ya 50 yenye magurudumu ya inchi 8. Mzee alipomuuliza ni za mwaka gani, alijibiwa "Dax ni Dax, bosi". Muuzaji anayejua kazi yake hawezi kujibu hivyo. Yeye ndiye atakayekuuliza mwaka, namba ya fremu, na urefu wa shokapu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambie akupigie video, springi iko mkononi mwake, kalipa (kile kipimo cha unene) iko juu ya waya. Akuoneshe unene wa waya, upana wa nje, urefu ikiwa haijabanwa, na idadi ya mizunguko. Akuoneshe na ncha zote mbili. Vipimo hivyo unavilinganisha na springi yako ya zamani, ukikumbuka kwamba urefu wake umepungua kwa kuchoka, ila unene wa waya na mizunguko havijabadilika, labda iwe imeliwa na kutu. Akikwambia hana kalipa, achana naye.

Ikishafika, fungua palepale ofisi ya basi mbele ya wahudumu, ukiwa na risiti ya mzigo. Kama una shaka na chuma chenyewe, pima urefu, ibane kwenye jiriwa mpaka mizunguko igusane, iachie, pima tena. Springi nzuri inarudi palepale. Iliyoviringwa kwa nondo inabaki imefupika.

Kitu kingine kilichonikaa moyoni: kwenye simu, kabla ya kuweka namba ya siri, lilitokea jina la mtu mwingine kabisa, si lile la kwenye tangazo. Mzee aliambiwa "hilo ni la mke wangu". Jina lisipofanana, usibonyeze. Kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, saa hiyo hiyo, kabla hela haijatolewa kwa wakala. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe kwenda 15040. Usifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala, vipeleke polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, na utapeli wa namna hii umo ndani yake. Mzee tayari anayo RB yake. Kama na wewe umelizwa na mtu huyu, nenda kituoni na ushahidi wako, kesi ya watu wengi haiwekwi kando kirahisi.

Springi halali zipo, msikate tamaa. Viwanda vya China kama Jincheng na Skyteam vimeiga Dax na Monkey za zamani kwa miaka mingi, hivyo spea zake bado zinatengenezwa na ubora wake unapimika. Wakati unatafuta, ringi bapa nene ya chuma (washa) chini ya springi iliyochoka itakuinua kidogo. Haiongezi ugumu, lakini pikipiki itaacha kukaa chini.

Mzee bado anatafuta jozi ya nyuma ya Dax ya 72cc, yenye springi zilizo wazi. Mwenye nazo anitumie video ya kalipa hapa kwenye maoni, hata kama ni mtumba. Na springi zenu za zamani msiwape wanunuzi wa vyuma chakavu kabla sijazipima.