Redio yetu ya Mbeya baada ya kununuliwa: nyota 2 kati ya 5

Stesheni siitaji ila watu wa Mwanjelwa na Mafiati mtaijua tu. Zamani msanii unaacha flashi mapokezi, DJ anaisikiliza, ngoma ikiwa kali kesho yake inapigwa mpaka Tukuyu wanaisikia. Sahivi vipindi karibu vyote vinatoka Dar, mtangazaji anasema leo joto kali na sisi huku Uyole tumevaa makoti, halafu nyimbo ni zilezile toka asubuhi mpaka usiku. Madogo wanaorekodi hapahapa kazi zao wapeleke wapi jamani? Sauti iko safi, hata mvua ikinyesha haikatiki, hapo nawapa haki yao.

Wenzetu Marekani yaliwakuta, sheria ya 1996 ikaondoa kikomo cha stesheni za redio ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima, kampuni ya Clear Channel ikafikisha zaidi ya 1,200, mpaka 2003 mwanamuziki Don Henley wa bendi ya Eagles akaenda mwenyewe Seneti kutoa ushahidi kulalamikia hali hiyo. Na sisi wasanii wa Nyanda za Juu Kusini tuungane tudai kikomo kiwepo kisheria, na muda wa wasanii wa mkoani uandikwe kwenye leseni kabisa. Kwa sasa nasikiliza taarifa ya habari tu nazima.