Bamba la kukinga sampu: uzoefu wangu na la alumini ya milimita 6

Kabla hujatoa hela ya bamba la kukinga sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ingia uvunguni mwa gari na tochi. Gari likae juu ya stendi au juu ya shimo la gereji, usiamini jeki peke yake. Tafuta mikwaruzo. Ikiwa ipo kwenye ile plastiki ya chini tu, vialama vya vijiwe vilivyorushwa na matairi, huna haja ya bamba. Plastiki hiyo imewekwa kuzuia maji na tope na kupitisha upepo vizuri, na kwa lami na barabara ya changarawe inatosha. Ukikuta krosimemba (chuma kinachokatiza chasisi) imechubuka hadi rangi imetoka, bomba la ekzosi limebonyea, au sampu yenyewe ina alama, basi mawe yameshaanza kufika pabaya. Hapo funga bamba.

Wengi huogopa sampu kupasuka, na sampu ya alumini ya kumimina kweli hupasuka: oili inamwagika na injini inaweza kufa usipoizima mara moja. Ila mimi naiogopa zaidi sampu ya bati la chuma, kwa sababu hubonyea bila kuvuja hata tone. Ndani yake kuna mdomo wa bomba la kufyonzea oili, nao umekaa milimita chache tu juu ya sakafu ya sampu. Sakafu ikipandishwa na jiwe ikaukaribia mdomo huo, pampu inavuta kwa shida, presha ya oili inashuka, beringi za krenki zinaanza kusagika. Ukichungulia chini unaona pakavu, unaendelea na safari. Sampu iliyobonyea chini ya mdomo huo ishushwe na kukaguliwa hata kama haivuji.

Bamba nililofunga ni la vipande vitatu: cha injini, cha giaboksi na cha transfa kesi (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma). Alumini ya milimita 6 ina uzito wa takriban kilo 16 kwa mita moja ya mraba; chuma cha milimita 3 hufika kilo 23.5. Watu hudhani chuma lazima kiwe kigumu kuliko alumini, na kwa unene uleule ni kweli. Lakini ugumu wa bamba dhidi ya kupinda huongezeka upesi sana unene ukizidi, kwa hiyo alumini ya milimita 6 hupinda kidogo kuliko chuma cha milimita 3. Inapozidiwa ni kwenye miamba: alumini ni laini, jiwe kali huichimba na kung'ang'ania, wakati chuma huteleza juu yake. Kwa anayepanda mawe mara kwa mara ningesema chukua chuma. Kwa njia za makorongo, mizizi na mawe ya hapa na pale, alumini imenitosha na springi za mbele hazijalemewa.

Ubora wa bamba uko kwenye vishikio kuliko kwenye unene. Bamba lishikwe na chasisi, krosimemba au sabfremu (fremu ndogo ya kubebea injini), kamwe lisifungwe kwenye sampu wala giaboksi, maana pigo lote litaishia hukohuko. Vichwa vya bolti viwe vimezama ndani ya vishimo; kilichojitokeza kitasagwa na jiwe na hutakifungua tena bila kukikata. Acha nafasi ya angalau milimita 15 hadi 20 kati ya bamba na sampu, kwa sababu injini huchezacheza juu ya raba zake na bamba nalo hujikunja linapogongwa.

Katika kufunga, anza na kipande cha nyuma. Ukingo wa nyuma wa kipande cha mbele upite chini ya kipande kinachofuata, ili jiwe liteleze kutoka mbele kwenda nyuma bila kukuta mdomo wa kulinasa. Ukipanga kinyume, umejitengenezea jembe. Safisha nyuzi za matundu kwa brashi ya waya, ingiza bolti zote kwa mkono, ndipo ukaze. Kwangu matundu mawili hayakulingana kwa milimita mbili hivi. Hapo legeza zote na usukume bamba, usilazimishe kwa spana, maana nyuzi za chasisi zikiharibika ni kazi nyingine kabisa. Bolti za M8 za daraja 8.8 hukazwa takriban Nm (newtonmita) 25, za M10 karibu Nm 45, isipokuwa mtengenezaji ametoa kipimo chake. Kagua tena baada ya kilomita 500. Alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi huliwa, kwa hiyo tumia bolti zilizopakwa zinki.

Kasoro zake zipo. Tope hukaa juu ya bamba, hubaki na unyevu na kulea kutu. Lioshwe kwa maji ya presha kupitia matundu. Nyasi kavu ni hatari zaidi: zikirundikana karibu na ekzosi zinaweza kuwaka, kwa hiyo baada ya kupita nyikani zitolewe siku hiyohiyo. Tundu la kumwagia oili kwenye bamba langu liko sawa na nati, lakini oili inapomwagika kwa kasi hurukia ukingoni na kutapakaa juu ya bamba, hivyo nalifungua bamba lenyewe kila service. Kufungua huko kuna faida: bamba huficha uvujaji. Oili ambayo ingeonekana sakafuni hulala humo kimyakimya.

Usitarajie likinge kila kitu. Difu ya nyuma (gia zilizo katikati ya eksili) kwenye eksili nzima isiyogawanyika haikingwi nalo, na kuinua springi hakuipandishi. Kinachoipandisha ni matairi makubwa. Tangi la mafuta linahitaji kinga yake. Bamba pia hukupunguzia nafasi kati ya gari na ardhi kwa sentimita moja au zaidi.

Likigongwa vibaya, lifungue kabla ya safari inayofuata. Bamba lililopinda hadi kugusa sampu hupeleka pigo linalofuata moja kwa moja kwenye injini. Linyooshwe kwenye presi au libadilishwe, na vishikio vikaguliwe nyufa kwenye sehemu zilizochomelewa.