Wiki tisa na kitochi, uzoefu wangu kama mwanachuo wa Dodoma

Habari zenu wakuu. Nimekaa na kitochi peke yake, yani simu ndogo ya vitufe isiyo na mitandao, wiki tisa hapa Dodoma, kuanzia katikati ya mwezi wa tatu mpaka katikati ya mwezi wa tano, na naandika nilivyokiona mwenyewe, kilichonisaidia na kilichonitesa, na humo ndani kuna jambo moja limenigusa sana, bila hilo nisingeandika chochote maana simu yenyewe ni simu tu.

Sikupanga kuacha mitandao. Simu janja yangu iliniteleza nikiwa nateka maji pale geto Nkuhungu, ikalala kifudifudi kwenye simenti, nilipoigeuza skrini yote nyeusi, imebaki na mstari mmoja wa kijani unacheza cheza pembeni. Fundi akaniambia kioo 95,000. Bumu, yani hela ya mkopo wa wanachuo, lilikuwa bado halijatoka, mfukoni nina hela ya kula tu, nikaenda zangu soko la Sabasaba nikanunua kitochi cha 28,000, kipya, laini mbili, tochi kichwani na redio. Kampuni siitaji maana kwa bei ile nilishika vinne dukani na vyote vilikuwa kitu kile kile kwenye magamba tofauti.

Tuanze na kifaa. Chaji inakaa siku tano ukipiga simu za kawaida, na hili kwa sisi wa mageto ambako umeme ukikatika jioni unaweza kurudi usiku wa manane ni jambo kubwa, sikuwahi kutembea na powabenki hata siku moja. Sauti ni kubwa na safi, hata ukiwa ndani ya daladala unasikilizana na mtu. Redio inashika vizuri ila lazima uchomeke hedifoni ndio zinakuwa antena. Kutuma hela, kununua LUKU, kulipia michango ya chuo kwa namba ya malipo, vyote vinafanyika kwa zile menyu za nyota na reli, hamna kilichonishinda. Kimeanguka mara nyingi tu na kinawaka. Ubaya ni vitufe, namba 5 ilianza kugoma wiki ya sita na vumbi letu hili sidhani kama itapona.

Halafu kuandika. Nilikuwa nimesahau kabisa. Herufi s unabonyeza 7 mara nne, o unabonyeza 6 mara tatu, na ukiwa na herufi mbili zinazofuatana zinazokaa kwenye kitufe kimoja inabidi usubiri kidogo ndio uendelee. Nilihesabu siku moja, neno shikamoo ni mibonyezo 19. Mambo ni 8. Poa ni 5. Na meseji moja mwisho herufi 160, ukizidisha inahesabiwa mbili. Sasa mtu ukishabonyeza mara 19 kumsalimia baba mdogo huwezi kuishia hapo, unaona bora uulize na mtoto aliyekuwa anaumwa anaendeleaje, na vitunguu wameuza bei gani, yani salamu inakuwa na uzito kwa sababu umeifanyia kazi.

Upande wa hela sina la kuficha. Zamani nilikuwa najiunga bando la 1,000 kila siku na kuna siku linaisha saa kumi jioni naongeza lingine. Wakati bumu la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, hapo kuna kodi ya chumba, nauli, kutoa kopi, sabuni. Kwenye kitochi nilikuwa natumia kama 2,000 kwa wiki, dakika na meseji, na zinabaki. Hiyo tofauti ndiyo iliyokuja kunisaidia kulipa kioo bila kumuomba mtu.

Sasa mateso. Darasa letu linaishi WhatsApp. Ratiba ikibadilika inatangazwa kwenye grupu, kazi za vikundi zinagawanywa kwenye grupu, madesa, yani notsi za kusomea, yanatupwa kwenye grupu, na mtu ambaye hayupo humo ni kama hajasajiliwa. Wiki ya pili nilienda kwenye test saa mbili asubuhi nimejiandaa, nimekesha, nakuta ukumbi mtupu, mlinzi anafagia. Imehamishwa jana usiku saa nne, grupu lote linajua. Nilikaa kwenye ngazi pale nikawa na hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani, maana hakuna aliyenikosea, mtu mmoja tu kati ya watu mia na kitu hana simu janja na hakuna aliyepewa jukumu la kumkumbuka. Test yenyewe nilikuja kuifanya mchana nikiwa na njaa.

Kuanzia hapo dada mmoja tunayesoma naye anayekaa chumba cha jirani akaanza kunitumia meseji za kawaida kila usiku, fupi fupi, "kesho kipindi cha saa 4 hakuna", "kazi mwisho ijumaa". Hajawahi kuruka hata siku moja kwa wiki saba. Mimi na huyu dada tulikuwa tunakutana kwenye grupu kila siku ya Mungu na sikuwa najua hata kwao ni wapi. Kwao ni Kongwa. Baba yake analima alizeti. Nimeyajua haya kwa sababu ilibidi niende kubisha hodi kusema asante.

Madesa nilisoma kwenye kompyuta za maktaba, foleni ndefu na muda unaisha haraka, kwa hiyo nilikuwa nanakili kwa mkono yale ya muhimu. Mwanafunzi anayesoma kozi za kutumia kompyuta muda wote, au anayetafuta kazi za mtandaoni, namshauri kabisa asijaribu kukaa na kitochi peke yake, ataumia. Na sitaki mtu anielewe vibaya kwamba mitandao ni laana. Mimi hesabu za kidato cha tano nimezielewa kwa video za YouTube, shuleni kwetu mwalimu alikuwa mmoja na madarasa matatu. Kuna mambo ya nchi hii nimeyajua kwa kusoma mijadala ya JamiiForums ambayo ipo tangu 2006, watu wanabishana kwa hoja mpaka unajifunza. Ukinitoa huko kabisa nami nitapungua.

Wiki ya kwanza mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe. Nasimama kituoni, mkono mfukoni, natoa kitochi, naangalia saa, narudisha, dakika haijaisha nakitoa tena. Hakina kitu. Ukishuka kwenye meseji mpaka ya mwisho kinakurudisha ya kwanza, unakutana na zile zile. Darasani tulifundishwa kuhusu Mmarekani Aza Raskin ambaye mwaka 2006 alibuni ule ukurasa usio na mwisho, unasukuma tu na vitu vinaendelea kuja bila kubonyeza ukurasa unaofuata, na baadaye yeye mwenyewe akaja kusema hadharani anajutia. Nilikariri kwa ajili ya mtihani. Nilielewa siku niliposhika kitu chenye mwisho, kwamba ule mwisho ndio unakuambia inua kichwa sasa, angalia daladala yako imefika.

Ubuyu pia ulinipita, na nasema ubuyu wa mtandaoni, ule wa kweli wa hapa kwetu niliendelea kuula. Nani kaachana na nani, nani kamtukana nani laivu, skrinshoti za nani zimevuja. Wiki ya nne hivi wenzangu wanacheka kitu kwenye mgahawa wa mama ntilie na sijui wanacheka nini, mmoja akanihadithia, na kwa kuhadithiwa tu niliona ni binti wa watu amerekodiwa analia na watu maelfu wanakomenti wakicheka. Ningekuwa na simu yangu ningecheka nao. Hilo nalijua na halinipi amani.

Matapeli ila hawakuachi, kitochi hakikukingi na hilo. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinaingia vile vile. Zitumeni kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli, na namba iliyowatumia, ni bure na dakika moja imeisha.

Sasa lile jambo lenyewe.

Nina jamaa yangu tulisoma naye advansi Kondoa, tulilala kitanda cha juu na cha chini miaka miwili. Yeye yuko chuo kingine mkoa mwingine. Toka tuachane hatukuwahi kupotezana, au mimi ndivyo nilivyoamini, kwa sababu kila siku nilikuwa naona status zake na yeye anaona zangu. WhatsApp walileta status mwaka 2017, unaweka picha inakaa masaa 24 inafutika, na ukiweka unaona orodha ya walioitazama. Jamaa anaweka vichekesho, mpira, Simba na Yanga, namtumia kale kakicheko, anajibu kakicheko, basi. Kichwani kwangu nilikuwa nimeshamjulia hali.

Mwezi wa nne, jioni moja baada ya mvua, sina cha kufanya, dakika zinaisha muda wake usiku ule na zimebaki nyingi. Nikasema ngoja nimpigie. Nilikaa chini ya mwarobaini nje ya geto. Iliita mpaka karibu inakatika ndio akapokea, sauti ndogo. Nikamsalimia, habari za masomo. Akakaa kimya. Nikadhani mtandao unasumbua, nikasema haloo haloo. Akaniuliza, "We umejuaje?"

Nikamwambia nimejua nini.

Mama yake alikuwa amelazwa wiki kadhaa. Yeye ndiye mtoto mkubwa, aliacha masomo karudi nyumbani, ameshakosa mitihani ya majaribio yote, analala kwenye benchi la nje ya wodi na wadogo zake wako kwa jirani. Alinielezea taratibu tu kama mtu anayesoma orodha. Mimi nikawa nauliza mbona hukusema ndugu yangu, na hapo ndipo akaniambia kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nasimama. Akasema, "Niliweka picha ya lile benchi na chupa ya chai. Mwezi wa tatu mwanzoni. Nilikuona kwenye waliotazama."

Na kweli niliiona. Naikumbuka ile picha. Benchi la rangi ya bluu, chupa nyekundu ya chai yenye maua, mfuniko umewekwa pembeni, hamna maneno. Niliitazama labda sekunde mbili nikapita, iliyofuata ilikuwa goli. Hakuwa ananilaumu, alisema kama jambo la kawaida, kwamba waliotazama walikuwa watu 140 na kitu na aliendelea kufungua ile orodha usiku kucha kuona nani ataongezeka na nani ataandika. Watu wawili waliandika. Mmoja alitaka kujua kama anauza ile chupa.

Tuliongea dakika 47, kitochi kinaonyesha muda pale juu. Mwisho wake nikaomba kuongea na mama kesho yake, nikaongea naye, ananiita mwanangu kama zamani tulivyokuwa tunaenda likizo kwao.

Baada ya hapo nilipiga simu kwa watu wengi kuliko nilivyowahi kupiga maishani. Bibi yangu yuko Mvumi, yeye na kitochi chake tangu nikiwa darasa la tano, na nilikuwa nampigia sikukuu kwa sikukuu. Bibi hana salamu fupi. Nikisema shikamoo anaitikia marahaba, halafu anaanza upya kwa Kigogo, mbukwenyi, halafu anauliza mmoja mmoja, mama yako, baba yako, wadogo zako, wenzako unaokaa nao, chakula mnakula nini, huko mvua ilinyesha, na mimi nauliza mbuzi, mtama, magoti yake. Zamani niliona ni kupoteza dakika. Siku moja katikati ya zile salamu, alipofika kwenye magoti, akasema yako salama ila macho ndio usiku hayaoni vizuri. Alikuwa hajamwambia mtu. Lilitoka kwa sababu tulikuwa tumepita kitu kimoja kimoja mpaka tukalifikia. Tumempeleka kwenye kliniki ya macho mwezi huu.

Simu janja nilishatengeneza, kioo kipya kizuri tu. Nimerudi kwenye grupu la darasa, madesa nayapata, video naangalia. Status za watu nimezizima zote, nimemute mmoja mmoja mpaka vidole vikauma, na siyo kwa kuwachukia. Laini yangu inayojulikana na watu imebaki kwenye kitochi, ile ya bando ndio iko kwenye simu kubwa, kwa hiyo anayenitafuta mimi ananipigia.

Anayetaka kununua cha aina hii ajaribu vitufe vyote dukani kabla hajalipa, hasa 5 na nyota, na aombe risiti. Kwa bei yake nakipa nyota nne, ya tano nimeinyima kwa sababu ya kile kitufe na ile test.

Mama wa jamaa yangu alitoka hospitali tarehe 9 mwezi wa tano, anatembea. Jamaa ameomba kuhamia chuo cha huku Dodoma mwaka wa masomo ujao na ameniambia nimtafutie chumba karibu na mimi. Kuna kimoja kinabaki wazi mlango wa tatu kutoka kwangu, kesho jioni naenda kuongea na mama mwenye nyumba.